Udhuru si huruma: H.L.A. Hart na falsafa ya sheria ya jinai

Muulize mtu yeyote kwa nini mwizi afungwe, atakujibu kwa pumzi moja: amestahili, tena wengine waone waogope, na yeye mwenyewe akome. Hayo ni majibu matatu, na hayakai pamoja kwa amani. Anayesema "amestahili" anatazama nyuma, kwenye kitendo kilichokwisha kutendeka. Anayesema "waogope" anatazama mbele, kwa watu ambao hata hawajaiba. Wafuasi wa Kant, mwanafalsafa aliyeshikilia kwamba mkosaji aadhibiwe kwa kuwa amestahili, na wafuasi wa Bentham, aliyepima adhabu kwa faida yake kwa jamii, walivutana juu ya jambo hili vizazi na vizazi, kila kundi likitaka jibu lake litawale peke yake.

H.L.A. Hart, profesa wa falsafa ya sheria katika Chuo Kikuu cha Oxford kuanzia 1952 hadi 1968, alionyesha katika hotuba yake ya 1959 kwamba pande hizo mbili zilikuwa zinajibu maswali tofauti huku zikidhani zinajibu moja. "Kwa nini tunaadhibu?" ni furushi. Ukilifungua unakuta ndani yake swali la adhabu ni nini, swali la lengo la kuwa na adhabu, swali la nani aadhibiwe, na swali la aadhibiwe kiasi gani. Jibu linalofaa kwa moja laweza kuwa baya kabisa kwa jingine. Makala zake za miaka hiyo zilikusanywa katika kitabu kimoja mwaka 1968, na mpaka leo naona hakuna zana bora ya kusomea hukumu ya jinai. Nitaeleza inavyofanya kazi, na pia inapokwama.

Swali la kwanza halihitaji muda mrefu. Hart alikubali vigezo vitano ambavyo wengine walikwisha kuvitaja: adhabu iwe na maumivu au jambo lingine ambalo kwa kawaida watu hawalipendi, itokane na kuvunjwa kwa kanuni ya sheria, impate mtu aliyeivunja au anayedhaniwa ameivunja, itolewe kwa makusudi na watu wengine, si mkosaji mwenyewe, na itolewe na mamlaka iliyowekwa na mfumo uleule wa sheria uliovunjwa. Adhabu za shuleni na nyumbani, au za kuadhibu kundi zima kwa kosa la mmoja, aliziweka pembeni kama aina za daraja la pili.

Mtego uko hapa. Mpinzani anamuuliza mfuasi wa Bentham: kama lengo ni kutia hofu, mbona usimfunge asiye na hatia kwa siri, ilimradi umma uamini kuwa ndiye? Mfuasi akijibu, "Hiyo haitakuwa adhabu, kwa kuwa adhabu maana yake ni kumpa mkosaji," anadhani ameponyoka. Hart aliikataa hila hiyo. Kinachoulizwa ni kwa nini tuupendelee mfumo wa kuwaadhibu wakosaji tu kuliko mfumo mwingine, uitwe kwa jina lolote, na kamusi haiwezi kulijibu swali la haki.

Kwa swali la lengo, Hart alisimama na Bentham: jamii inaanzisha adhabu ili makosa yapungue. Hakuona maana ya kuwa na magereza ili mizani ya ulimwengu ikae sawa. Lakini kwa swali la nani aadhibiwe aligeuka: aadhibiwe yule tu aliyevunja sheria, tena aliyeivunja kwa hiari yake. Wapo waliosema hapo anakula huku na huku. Si kweli. Hospitali lengo lake ni kuponya, ila daktari haruhusiwi kumtoa mgonjwa figo bila ridhaa yake ili aokoe wengine wawili. Sharti la ridhaa halitoki kwenye lengo la kuponya; ni mpaka uliowekewa lengo hilo kwa sababu nyingine, inayomhusu mgonjwa mwenyewe kama mtu. Adhabu nayo ina lengo lake na ina mipaka yake, na chanzo cha mipaka si lazima kiwe lengo.

Mpaka huo ndio unaozaa udhuru, na hapa ndipo kazi ya Hart ina utajiri wake.

Kwanza tutenge mambo matatu ambayo hata mawakili huyachanganya. Kuna kuhalalisha: mtu amefanya kitendo ambacho kwa kawaida ni kosa, lakini safari hii sheria yenyewe inakikubali, kama kumpiga anayekushambulia ili ujiokoe. Kuna udhuru: kitendo ni kibaya na sheria haikikubali, ila mtendaji hakuwa katika hali ya kulaumiwa, kama aliyetenda akiwa usingizini au aliyekosea kuhusu ukweli wa jambo. Na kuna kupunguziwa adhabu: kitendo ni kibaya, mtendaji ana hatia, lakini kulikuwa na jambo lililomfanya awe na ugumu kuliko wengine kuishika sheria. Ukimpelekea jaji hoja ya tatu kana kwamba ni ya pili, utaomba mteja wako aachiwe huru kwa sababu ambazo, hata zikiaminiwa zote, humpunguzia miezi tu. Hukumu nyingi za rufaa hazieleweki mpaka ujue wakili alikuwa anaomba kipi kati ya hivyo vitatu.

Bentham alikuwa na maelezo yake juu ya udhuru, na yanavutia. Alisema mwendawazimu, mtoto mchanga na mtu aliyekosea kuhusu ukweli wasiadhibiwe kwa kuwa tishio la sheria haliwezi kuwafikia. Kuwaadhibu ni kuongeza maumivu duniani bila faida. Hart aliitazama hoja hiyo akaona imeruka hatua. Bentham alipaswa kuonyesha kwamba adhabu ya watu hao haina faida. Alichoonyesha ni kwamba tishio halikuwa na nguvu kwao. Hayo ni mawili. Inawezekana kabisa kumfunga mwendawazimu kukawatisha watu wenye akili timamu, hasa wale wanaotumaini kwamba wakikamatwa watajifanya wamerukwa na akili au watadai hawakujua. Mfumo usiosikiliza udhuru wowote huenda ungetia hofu zaidi. Basi kama tunaushikilia udhuru, na tunaushikilia hata pale unapotugharimu, sababu yake haiwezi kuwa hesabu ya hofu.

Sababu yenyewe Hart aliipata mahali ambapo wanafalsafa wengi hawakutazama. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia alikuwa wakili, tangu 1932, na kesi zake hazikuwa za jinai bali za amana, urithi na kodi. Mtu aliyezoea kesi za wosia anajua kwamba wosia hubatilika mwandikaji akiwa hana akili timamu, akilazimishwa, akidanganywa au akikosea kuhusu anachokitia sahihi. Orodha hiyo ni ileile ya udhuru wa jinai. Hart aliuliza kwa nini zifanane. Jibu lake: wosia, mkataba na ndoa ni vyombo vya mtu kuipa nguvu hiari yake, na ndiyo maana vinapoteza maana hiari ikikosekana. Sheria ya jinai nayo, ukiitazama kutoka upande wa raia, inamweka mtu mahali pa kuchagua. Inamwambia mapema: njia hii ina gharama hii, amua mwenyewe.

Mfumo wa namna hiyo unampa raia vitu vitatu. Anaweza kukisia siku zijazo, kwa kuwa akijiepusha na makosa anajua hatakamatwa kwa jambo ambalo hakulichagua. Hiari yake inakuwa moja ya mambo yanayoamua kama adhabu itampata. Na hata akiadhibiwa, ni baada ya kupata alichokichagua, si kwa ajali iliyompitia. Ondoa udhuru na vyote vitatu vinaondoka: unaweza kulala raia mwema ukaamka mfungwa kwa sababu ya kujikwaa.

Ndiyo maana nasema udhuru si huruma. Huruma ni ya jaji kutoa au kunyima. Udhuru ni haki ya mtu kutotumiwa na jamii kama chombo cha kuwafundishia wengine kabla hajapewa nafasi ya kweli ya kuitii sheria. Kigezo cha Hart kina sehemu mbili, na zote lazima zitimie: mtu awe na uwezo wa kawaida wa kuelewa na kujizuia, na awe amepata nafasi ya haki ya kuutumia uwezo huo.

Kesi moja ya Uingereza ya 1933 inaonyesha kinachotokea sehemu ya pili ikisahaulika. Mwanamke Mfaransa alitakiwa aondoke nchini siku fulani. Akaondoka, akaenda Ireland. Mamlaka za huko zikaamuru afukuzwe, polisi wakamleta kwa meli hadi bandari ya Holyhead akiwa chini ya ulinzi, wakamkabidhi kwa polisi wa Uingereza. Akashtakiwa kwa kosa la mgeni aliyekatazwa kuingia kukutwa ndani ya nchi, akatiwa hatiani, na rufaa yake ikakataliwa. Hoja ilikuwa kwamba maneno ya sheria yametimia: amekutwa. Akili zake zilikuwa timamu, hakuwa na ugonjwa wowote. Alichokosa ni nafasi. Hakukuwa na hatua hata moja ambayo angeweza kuichukua ndani ya ile meli ili asiwe mkosaji.

Kesi ya pili ni ya zamani zaidi, ya 1875. Sheria ya 1861 ilikataza kumchukua msichana wa chini ya miaka 16 asiyeolewa kutoka katika ulinzi wa baba yake bila ridhaa. Msichana alikuwa na miaka 13, alionekana mkubwa zaidi, na alimwambia kijana ana miaka 18. Baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua ukweli wa kesi, lilikubali kwamba kijana aliamini hivyo na kwamba imani yake ilikuwa na msingi. Akatiwa hatiani hata hivyo. Ukiisoma hukumu utakuta baadhi ya majaji wakisema kumchukua msichana kwa baba yake ni ubaya kwa vyovyote, kwa hiyo kijana alijitakia hasara. Kwa zana ya Hart unauona mchanganyo papo hapo: uovu wa kimaadili wa jambo moja umetumika kufidia kukosekana kwa nia katika jambo jingine, lile lililo kosa la jinai.

Hart hakuwa mtu wa kusema makosa yasiyohitaji nia yafutwe yote. Alijua kuna biashara ambazo madhara yake kwa umma ni makubwa, kama uuzaji wa chakula kilichochafuliwa, na kwamba kuthibitisha nia ya mwenye kiwanda ni kazi ngumu. Alichodai ni kwamba tukimtia mtu hatiani bila kuuliza nia yake tukiri kuna kanuni tumeitoa mhanga. Tofauti hiyo si ya maneno. Anayeamini ametoa mhanga atatafuta njia nafuu kwanza: faini badala ya kifungo, au kumpa mshtakiwa nafasi ya kuthibitisha kwamba alichukua kila tahadhari. Anayeamini hakuna kilichopotea hatatafuta chochote. Mwaka 1969 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa, ilifuta hatia ya mwalimu aliyepangisha vyumba vya nyumba yake ya shambani kwa wanafunzi, nao wakavuta bangi humo bila yeye kujua. Majaji walisema Bunge lisidhaniwe limetaka kumtia hatiani asiyejua, isipokuwa lionyeshe hivyo wazi. Hiyo ndiyo njia ya kulinda kanuni huku ukikubali kwamba Bunge laweza kuikiuka.

Sasa uzembe, ambao kwa maoni yangu ndio mchango wake mkubwa kuliko yote.

Baadhi ya wanazuoni wa jinai wa wakati wake walisema mtu mzembe asiadhibiwe kabisa. Mantiki yao: hatia iko akilini, mzembe hakuwa na kitu akilini, na akili tupu haiwezi kuwa akili ovu. Aliyekusudia aliona madhara akayataka; asiyejali aliyaona akayapuuza; mzembe hakuona. Utamwadhibuje mtu kwa jambo ambalo hakuliona?

Hart alijibu kwamba hoja hiyo inachukua "hakufikiri" kana kwamba ni jambo lililomtokea mtu, kama kupofuka ghafla. Fikiria dereva wa lori anayerudi kinyumenyume kwenye uwanja ambao watoto hucheza kila jioni, na hakutazama kioo. "Sikufikiria," anasema. Katika maisha ya kila siku hatulipokei neno hilo kama udhuru. Mara nyingi ndilo lawama yenyewe. Uwezo wa kutazama, kukumbuka na kupima hatari ni uwezo kama mwingine, na mtu aliye nao anaweza kushindwa kuutumia, vilevile anavyoweza kushindwa kuutumia mkono wake. Kama tunakubali kwamba mtu angeweza kujizuia kutenda, hakuna sababu ya kukataa kwamba angeweza kufikiri kabla ya kutenda.

Kutoka hapo akatoa maswali mawili, na mpangilio wake ni muhimu. Swali la kwanza: je, mshtakiwa alishindwa kuchukua tahadhari ambazo mtu yeyote mwenye busara na uwezo wa kawaida angezichukua katika hali ile? Swali la pili: je, mshtakiwa huyu, kwa uwezo wake wa akili na mwili, angeweza kuzichukua? La kwanza linaweka kipimo cha wote. La pili linauliza kama kipimo hicho kilikuwa ndani ya mkono wa aliyesimama kizimbani. Ukiuliza la kwanza peke yake utawafunga watu ambao walijitahidi mpaka mwisho wa uwezo wao wakapungukiwa. Ukiuliza la pili peke yake huna kipimo cha kuanzia. Na ukikataa yote mawili, dereva wetu anakwenda nyumbani.

Kinachoharibika katika vitendo ni kwamba mahakama hupenda swali la kwanza kwa kuwa ni rahisi kuthibitisha. Hakuna haja ya mtaalamu wala ya kuchimba maisha ya mtu. Unamweka mtu wa kufikirika mwenye busara mahali pa mshtakiwa na unasonga mbele. Mwaka 1960 House of Lords ilifanya karibu hivyo hata katika kesi ya mauaji. Dereva aliyebeba mali ya wizi aliamriwa na askari asimame. Akaongeza mwendo, askari akaning'inia kwenye gari, gari likayumba huku na huku, askari akaanguka mbele ya gari lililokuwa likija na kufa. Walichoangalia Malodi, yaani majaji wa House of Lords, ni kile ambacho mtu wa kawaida angekiona kuwa matokeo ya kitendo kile, wala si kile ambacho dereva mwenyewe alikiona. Kwa kosa ambalo wakati ule liliweza kumpeleka mtu kitanzini, hilo lilikuwa jambo zito, na lilipingwa vikali. Bunge lilirekebisha mwaka 1967 kwa kifungu cha 8 cha sheria ya haki ya jinai (Criminal Justice Act) ya mwaka huo: mahakama hailazimiki kuamua kwamba mtu alikusudia au aliona matokeo kwa sababu tu ni ya kawaida na ya kutarajiwa, ipime ushahidi wote.

Kuhusu kusudi lenyewe, kuna jambo moja ambalo wasomaji wapya hulikosa. Mwaka 1867 watu walilipua ukuta wa gereza la Clerkenwell, London, ili kumtoa mwenzao Mwairish aliyefungwa humo. Ukuta ulibomoka, nyumba za jirani nazo, na watu wasiopungua 12 wakafa. Hawakutaka kuua mtu. Michael Barrett alinyongwa Mei 1868, na huko kulikuwa kunyonga kwa mwisho kulikofanywa hadharani Uingereza. Hart aliitumia kesi hii kuuliza kwa nini sheria inamhesabu kama aliyekusudia mtu ambaye aliona tu kwamba matokeo yatatokea, bila kuyataka wala kuyafanya njia ya kupata alichokitaka. Mafundisho ya Kikatoliki yana mstari mkali hapo: kumuua mtoto tumboni kama njia ya kumwokoa mama ni tofauti na kuondoa kizazi chenye saratani huku ukijua mtoto atakufa. Hart aliona kwamba kwa sheria ya jinai mstari huo haubebi uzito. Anayeona matokeo na kuendelea anayatawala sawasawa na anayeyataka, kwa kuwa alikuwa na uwezo uleule wa kuacha. Nakubaliana naye kwa hatia. Kwa kipimo cha adhabu sina uhakika kwamba tofauti hiyo ni bure.

Mpinzani wake mgumu kuliko wote alikuwa Barbara Wootton, mwanasayansi ya jamii na hakimu wa miaka mingi. Mwaka 1963 Wootton alisema mahakama ziache kuuliza habari za nia kabla ya kumtia mtu hatiani. Maiti ni maiti, aliyeuawa kwa kusudi na aliyeuawa kwa ajali hawatofautiani. Kazi ya mahakama iwe kuzuia madhara yasirudiwe. Nia iulizwe baadaye, kama dalili ya kumsaidia hakimu kuchagua la kumfanyia mtu.

Hart hakumdharau. Alionyesha gharama. Kwanza, kila aliyemgonga mwenzake kwenye umati angekuwa mkosaji mpaka ofisa fulani aamue kumwacha, na maisha ya raia yangetegemea mlango wa ofisi hiyo. Pili, yapo makosa ambayo bila nia hayawezi hata kutajwa: kujaribu kuiba ni nini, ukiondoa kusudi? Tatu, watu hawaishi pamoja kama vitu vinavyogongana. Pigo na kujikwaa ni mambo mawili kwa aliyepigwa, na sheria isiyojua tofauti hiyo inakuwa mgeni kwa watu inaowatawala. Lakini alimkubalia jambo moja ambalo wengi husahau. Kwa ugonjwa wa akili, alikuwa tayari suala lihamishwe baada ya hukumu ya hatia, kwa kuwa mabishano ya madaktari mbele ya baraza la wazee wa mahakama, kwa kanuni za wendawazimu zilizotokana na kesi ya 1843, yalikuwa yakizaa machafuko zaidi ya haki. Kwa mtu aliyejenga kila kitu juu ya uwezo wa kuchagua, huko kulikuwa kurudi nyuma hatua kubwa, na mimi naona alikosea: mtu asiye na uwezo huo hastahili hata jina la mkosaji, achilia mbali kifungo.

Niongeze neno la lugha. Hart alitumia hadithi fupi ya nahodha mlevi aliyepoteza meli ili kuonyesha kwamba neno moja la Kiingereza, "responsibility", lina maana nne. Kiswahili kinatupunguzia kazi. Nahodha ana jukumu la usalama wa abiria: hiyo ni nafasi yake. Dhoruba, au ulevi, ndiyo sababu ya meli kuzama: hicho ni chanzo. Mahakama inasema ana hatia ya jinai na dhima ya fidia: hayo ni matokeo ya kisheria. Na daktari anasema ana akili timamu: huo ni uwezo. Tunapolifanya neno "kuwajibika" libebe yote manne, kama tunavyofanya siku hizi kwenye habari na mikutano, tunaingia kwenye tope lilelile ambalo Hart alihangaika kutoka. Mtu mwenye jukumu si lazima awe chanzo. Aliye chanzo si lazima awe na hatia.

Inapokwama zana yake ni kwenye kulazimishwa. Mtu aliyeelekezewa bastola ili afungue sefu ana akili timamu, anaelewa, na amechagua. Kwa maana ya kawaida amechagua vizuri sana. Kusema hakuwa na nafasi ya haki kunasikika sawa, lakini ukiuliza kiasi gani cha woga kinaiondoa nafasi hiyo, uwezo peke yake haujibu. Unarudi kuuliza mtu wa kawaida angepaswa kustahimili nini, na hilo ni swali la tabia na ujasiri. John Gardner, aliyekalia kiti kilekile cha uprofesa cha Hart huko Oxford kuanzia 2000 hadi 2016, alilisukuma jambo hili: mtu anayetoa udhuru wa namna hii hadai kwamba hakuweza, bali anaeleza kwamba alikuwa na sababu ambazo mtu wa heshima naye angezifuata. Antony Duff, mwanafalsafa mwingine wa sheria ya jinai, naye aliigeuza picha nzima, akaiona mahakama kama mahali ambapo raia anaitwa ajieleze mbele ya wenzake. Na Hart mwenyewe alijua kujisahihisha: makala yake ya 1949, iliyosema kwamba kumwambia mtu "umetenda" ni kumpa wajibu kuliko kueleza tukio, hakuiingiza kwenye kitabu cha 1968 kwa kuwa aliona waliomkosoa walikuwa na haki.

Yale maswali mawili ya uzembe yalipata mtihani mkali baada ya yeye kustaafu. Mwaka 1981 House of Lords iliamua kwamba katika uharibifu wa mali, mtu ni asiyejali hata kama hakuiona hatari, ilimradi mtu wa kawaida angeiona. Mwaka 1983 ikaja kesi ya msichana wa miaka 14 aliyesoma darasa la wenye shida ya kujifunza. Alikuwa nje usiku kucha, akaingia kwenye kibanda cha bustani, akamwaga kimiminika cha kuwaka sakafuni, akawasha kiberiti. Mahakimu wa chini walikubali kwamba kwa umri na akili yake hatari hiyo isingekuwa wazi kwake hata angeifikiria, wakamwachia. Mahakama iliyo juu yao ikabatilisha: kipimo ni cha mtu wa kawaida. Mmoja wa majaji alieleza wazi kutoridhika kwake, lakini akajiona amefungwa na uamuzi wa 1981. Swali la kwanza la Hart liliulizwa, la pili likakatazwa.

Kosa hilo lilisahihishwa Oktoba 2003. Wavulana wawili, wa miaka 11 na 12, waliwasha magazeti nyuma ya duka huko Newport Pagnell, wakayaacha chini ya pipa la taka wakidhani yatazimika yenyewe. Hasara ikafika karibu pauni milioni 1. House of Lords iliwafutia hatia na kuutupa uamuzi wa 1981. Wengi waliuona kuwa ushindi wa Hart. Ni nusu tu. Malodi hawakuuliza kama wavulana wale wangeweza kuiona hatari. Waliuliza kama waliiona. Kwa kipimo hicho mtoto asiyeweza anaokoka, na ndivyo ilivyotakiwa. Lakini anaokoka pia mtu mzima mwenye akili zake zote anayewasha moto kando ya ghala bila kujishughulisha kufikiri, na huyo Hart asingemwachia.